Masika ikija, hela ya mbegu iko wapi?

Kuna kitu kinanikera sana kwenye hizi semina za wakulima wa mjini. Somo la hatari na hasara linawekwa siku ya mwisho, saa nane mchana, watu wameshashiba wali, jamaa anasimama na slaidi zake anaanza kuorodhesha: hatari za uzalishaji, hatari za soko, za fedha, za kisheria, za nguvukazi. Watu wanaandika kwenye daftari walilopewa asubuhi, wanasaini posho, kesho yake wako bondeni wanafanya vilevile walivyokuwa wanafanya juzi. Na wala siwalaumu, maana unaenda kumfundisha hatari mtu anayelima kando ya Mto Msimbazi, mtu ambaye maji yameshampitia shambani sijui mara ngapi na bado yupo, huyo si ndo alitakiwa akufundishe wewe?

Kwa ambao hamkai Dar, hili jiji mboga zake za majani nyingi zinalimwa humuhumu ndani. Mchicha, matembele, chainizi, figiri, spinachi, majani ya maboga. Zinalimwa kwenye mabonde ya mito, chini ya nguzo kubwa za umeme, pembeni ya reli, kwenye viwanja vya watu ambao bado wanajikusanya kujenga. Msimbazi wenyewe unaanzia vilima vya Pugu unakatiza jiji unaenda kumwaga baharini pale daraja la Selander, na njia nzima hiyo kuna watu wana matuta yao. Mvua zile za Desemba 2011 zilipopiga watu walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, habari hizo mnazikumbuka. Matuta nayo yalienda, ila hayo nani atayaandika gazetini. Ikarudi tena 2014, ikarudi mwisho wa 2023 kuingia 2024 na El Niño yake, na katikati hapo kuna mafuriko madogomadogo ambayo hata jina hayana, we unaamka tu unakuta mchicha umelala na tope juu.

Sa mimi nikipata kikundi cha kufundisha, iwe kina mama wa matuta au vijana, somo langu ni moja tu na mengine yote yanazunguka humo: hasara ikija, isiondoke na hela ya mbegu. Basi. Kupoteza tuta ni kawaida, kila mkulima wa mjini anapoteza matuta. Kinachomtoa mtu kwenye kilimo ni pale anapopoteza matuta alafu hana hata elfu ishirini ya kununua mbegu na viroba viwili vya mbolea ya kuku aanze upya, hapo ndo anaenda kukopa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, na baada ya hapo ukimuuliza habari za shamba anakwambia niliachana nalo.

Sianzi na maelezo. Naanza na maharage.

Kila mtu anahesabiwa punje 20, huo ndo mtaji wake. Chini ya mwembe nachora kwa kijiti maduara manne, mchicha, matembele, chainizi, nyanya. Tuta la mchicha linakula punje 2, ukivuna unapata 4. Matembele unaweka 3, unachuma 2 kila raundi mpaka mwisho. Chainizi unaweka 3 unapata 7. Nyanya unaweka 6, ukivuna salama unaokota 18, na hapo vijana macho yanawatoka. Alafu kuna kofia yenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila raundi mtu mmoja anachomoa kimoja na kinawahusu wote: mvua ya kawaida, maji yamepita, kantangaze (mdudu wa nyanya), mchuuzi hajarudi na hela, soko limejaa, mwenye kiwanja kaleta tofali, mtoto anaumwa. Hicho cha mtoto anaumwa nilikiweka makusudi, hakigusi shamba hata kidogo ila kinakudai punje 4 mkononi hapohapo, kama huna unang'oa tuta.

Kuna siku tulicheza na kikundi kimoja, kijana mmoja ambaye pia anaendesha bodaboda akaweka punje 18 zote kwenye nyanya. Raundi ya kwanza ikatoka mvua ya kawaida. Jamaa anaokota 54, anacheka, anawaambia kina mama nyie endeleeni na mchicha wenu. Raundi ya pili akaweka nyingi tena, nayo ikapita. Ya tatu ikatoka kantangaze. Kama humjui huyu mdudu, aliingia nchini mwaka 2014 na akishaingia kwenye nyanya zako anachimba majani na matunda kote, dawa nyingi hazimuwezi kwa sababu anajificha ndani ya jani. Kijana akabaki na kiganja cha punje tu. Pembeni yake kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, raundi ya kwanza kabla hajapanda chochote alichukua punje tano akazifunga kwenye pindo la khanga. Mi sikumwambia. Nikamuuliza mama mbona hizo hupandi, akanijibu bila hata kuniangalia, "Hizi si za mchezo, za mbegu hizi."

Nisiwadanganye lakini, huyo mama hakushinda siku ile. Aliyemaliza na punje nyingi ni kijana mwingine wa nyanya ambaye aliwahi kupunguza mapema kabla kikaratasi kibaya hakijatoka, na watu walinibana kweli, "ticha si umeona, nyanya inalipa." Ndo vizuri ilitokea hivyo. Maana sasa tukahesabu: kwenye wale walioweka karibu zote kwenye nyanya wangapi bado wana punje za kuendelea? Karibu wote walishatoka, wamekaa pembeni wanaangalia wenzao. Na yule mama na wenzake wa matembele wote bado wanacheza. Hapo huhitaji kuongeza maneno, wanaanza kubishana wenyewe, we kazi yako kunyamaza, na kunyamaza kwa mwalimu ni kazi ngumu kuliko slaidi.

Ukiwasikiliza wanavyobishana ndo unagundua wanajua vitu vingi kuliko wanavyosema semina. Hawasii matuta yote siku moja, wanasia kwa zamu, leo tuta hili baada ya siku tatu nne lile, ili kila wiki kuwe na cha kuuza. Matembele wanayaweka sehemu ya chini yenye unyevu kwa sababu yanavumilia, mchicha wanaupandisha juu. Mchicha wenyewe wanaupenda kwa vile wiki tatu mpaka nne ushatoka, mwenye kiwanja akikufukuza leo umepoteza wiki tatu tu, ungekuwa na mapapai ungelia mwaka mzima. Sasa ukija na kitabu chako ukamwambia lima mazao ya thamani kubwa ya miezi mitano, umemwongezea hatari alafu unamwambia umemfundisha kuipunguza.

Wasichofanya wengi ni kuhesabu. Na hapo ndo mwalimu ana kazi.

Mfano masika. Machi mpaka Mei mboga zinaadimika mjini, matuta ya mabondeni yanazama, magonjwa yanaongezeka, bei inapanda. Juni mpaka Agosti kukiwa na ubaridi na jua la wastani kila mtu anavuna, mchicha unajaa mpaka wachuuzi wanakuchagulia tuta. Kwa hiyo masika ndo kuna hela, na ndo kuna mafuriko, vyote kwa pamoja. Huwezi kumwambia mtu asilime bondeni masika, utakuwa unamwambia akae njaa wakati bei nzuri. Unachoweza ni kukaa naye mkahesabu: tuseme una matuta kumi, kila moja linakula elfu nne mpaka livunwe, ukiyaweka yote bondeni yakaondoka umepoteza elfu arobaini. Unayo nyingine arobaini? Huna? Una ngapi? Kumi na tano? Basi mwezi wa nne bondeni weka matuta ambayo yakienda yote bado utaweza kuanza na hizo ulizobaki nazo, mengine tafuta sehemu ya juu hata kwa kushirikiana na mwenzako, nyanyua matuta, chimba mfereji kabla mvua haijaanza maana ukishaanza kuchimba mvua inanyesha umechelewa. Kila mtu anapata namba yake. Mama wa watoto watano anayelipa kodi hatafanana na kijana anayekaa kwao.

Kumbukumbu tunatumia ile kalenda ya ukutani ya bure, ya duka la pembejeo au ya kanisa. Ukisia unazungushia tarehe, ukipulizia dawa unapiga msalaba, ukiuza unaandika kiasi pembeni. Madaftari yenye safu kumi na mbili nimeshayaona yakifungia maandazi.

Msalaba wa dawa una habari yake. Hii ndo sehemu huwa nakaa muda mrefu kuliko zote na kuna watu wanachoka. Chukua mchicha wa siku 24. Wadudu wanaingia siku ya 12 hivi, unaenda dukani unauziwa dawa, kibandiko kinasema usivune kabla ya siku 14. Ukipulizia siku ya 13 unatakiwa uvune siku ya 27. Mchuuzi anakuja siku ya 24, mchicha wa siku ya 27 umeshaanza kukomaa bei imeshuka. Kwa hiyo uamuzi wa kula hasara au kumlisha mwenzako sumu unafanyika siku ile ya 13 ukiwa umeshika bomba la kupulizia, siku ya kuvuna imeshachelewa, hakuna mtu atamrudisha mchuuzi mlangoni na hela yake. Kwa hiyo kabla hujanunua uliza siku ngapi za kusubiri, kama zinazidi siku zilizobaki usinunue, tafuta nyingine, au tumia mwarobaini, au kubali tuta liliwe. Na ile dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na kibandiko, hiyo hujui ni nini, hujui siku, hujui rangi ya alama yake kama ni nyekundu ya sumu kali au kijani ya sumu ndogo, na watoto nyumbani wanaiona chupa ya maji. Hiyo kwangu haina mjadala.

Na maji. Hapa huwa kunakuwa kimya. Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa mboga zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, walipima madini mazito kama risasi na kadmiamu ndani ya majani yenyewe, na tangu hapo zimetoka tafiti nyingine za namna hiyo. Vijidudu vya kinyesi ukipika vizuri vinakufa. Risasi iliyoingia ndani ya jani haioshwi na haipikwi ikatoka. Mkulima hii hatari haimuumi yeye mfukoni, inamuuma mlaji miaka ijayo, kwa hiyo kwenye mchezo wa maharage haionekani. Ila inaweza kumrudia siku moja tu, siku habari inaruka redioni kwamba mboga za bonde fulani zina sumu, wachuuzi wote wanahama siku hiyohiyo na wewe mwenye kisima safi unaenda na maji pamoja na wenzako. Nawaambia kama una uwezo wa kuchimba kisima kifupi mbali na mto fanya, kama huna basi maji ya mto yasimwagwe juu ya majani siku za mwisho, angalau hiyo inapunguza vijidudu. Kwa madini mazito ushauri wangu ni mchungu, pale karibu na mifereji ya viwanda na gereji usilime mboga za majani kabisa. Hawapendi kusikia, na ningekuwa mimi ndo nina tuta pale nisingependa pia.

Tukija kwenye soko, kesi kubwa ni mali kauli. Mchuuzi anakuja alfajiri, ananunua tuta, anang'oa mwenyewe, anafunga mafungu, hela anakuletea jioni akishauza. Wengi wanaleta. Mmoja haleti. Wataalamu wa semina wanasema uza kwa fedha taslimu tu, na kina mama wanawaangalia hivi, kwa sababu siku mboga zimejaa anayekuja kuchukua kwako ni yule uliyempa mali kauli siku mboga zimeadimika. Ni mteja na ni bima kwa wakati mmoja. Tulichokubaliana na vikundi kadhaa ni kwamba mchuuzi mmoja asishike zaidi ya matuta mawili ya mtu mmoja kabla hajalipa, na akimkimbia mmoja kikundi kizima kinajua siku hiyohiyo kwa WhatsApp. Hiyo ya pili ndo inafanya kazi kweli, mchuuzi anaogopa kufungiwa bonde zima kuliko anavyoogopa mwenyekiti wa mtaa.

Ardhi sitaandika sana, inaniudhi. Sheria zipo, kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu kulima mpaka ekari tatu mjini, kwa hiyo hiki kitu serikali inakijua miaka yote. Ila tuta lenyewe liko kwenye kiwanja cha mtu kwa maneno ya mdomo, "lima tu mama, siku nikitaka kujenga nitakwambia." Siku hiyo anakuja na fundi. Kidogo ninachosisitiza ni mwende wote wawili kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, iandikwe karatasi ya mistari minne kwamba akitaka kiwanja chake anasubiri kilichoko ardhini kivunwe. Wenye viwanja wengi wanakubali kwa sababu wanajua mchicha ni wiki tatu, na wanafurahi kiwanja kinalindwa kisigeuzwe dampo. Kwa walioko Msimbazi yenyewe ambako ule mradi mkubwa wa kuendeleza bonde kwa fedha za Benki ya Dunia unaendelea, hapo namwambia mtu asiweke shilingi moja kwenye kitu ambacho hawezi kukibeba mgongoni. Pampu sawa, inabebeka. Kisima cha kujengea zege, hapana.

Mikopo sasa. Kausha damu marejesho yake ni kila wiki. Mchicha unalipa baada ya wiki tatu au nne. Yani umeshalipa rejesho mara tatu kabla hujauza hata fungu moja, hizo hela za rejesho unatoa wapi? Kwenye hela ya mbegu. Ndo nikawa nasema kila kitu kinarudi hapo. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kina mama, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024, haina riba na ni nzuri ukiipata, ila ni mkopo wa kikundi, mwenzako akishindwa inakuhusu. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, kwa mtu wa matuta bado ndo mahali pazuri pa kuficha hela ya mbegu, mradi kikundi kikubali kitu kimoja: mtu akipigwa na mafuriko anapewa kiasi kidogo wiki hiyohiyo bila kusubiri zamu. Wengi wana mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa. Nauliza, matuta yakizama si msiba? Kuna kikundi walicheka alafu wakaandika kwenye katiba yao.

Kuku wa nyama ni darasa lingine kabisa, umeme ukikatika usiku vifaranga wakiwa na wiki moja na hujaandaa jiko la mkaa asubuhi unahesabu maiti, magonjwa ya mdondo na Gumboro bila chanjo yanasafisha banda, na vyote hivyo bado ni afadhali kuliko zile hesabu za WhatsApp za "kuku 500 mara elfu saba mara bechi sita" ambazo hazina mstari hata mmoja wa kuku aliyekufa. Nikiziona huwa nawakumbusha kware wa Kenya. 2013 huko kila mtu alifuga kware, mayai yalipanda bei kwa sababu watu waliaminishwa yanatibu kila ugonjwa, 2014 bei ikaporomoka na mabanda yakabaki. Anayeingia wa mwisho kwenye kitu ambacho kila mtu anakiongelea ndo anamnunulia mwenzake faida.

Swali ambalo haliwezi kukosa: bima ya mazao je? Ipo nchini, inakua, lakini nyingi imepangwa kwa mazao ya msimu na watu walio kwenye vyama vya ushirika, mtu wa matuta kumi ya mchicha kwenye kiwanja kisicho chake haimfikii kirahisi. Ikija ya kumfaa nitawaambia wakate. Kwa sasa bima yake ni pindo la khanga, matembele, na wenzake watano wa karibu.

Kama una kikundi Dar mnataka tukae, niandikieni hapo chini, sihitaji ukumbi wala projekta, maharage nakuja nayo. Ila tufanye kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita, kabla ya hapo wako kwenye kumwagilia na wachuuzi, jioni tena kumwagilia. Na mkiamua kuandaa chai basi iwe mwanzoni, sio baada ya somo, nimeshaona watu wanachomoa vikaratasi vya kofia huku macho yako kwenye sufuria la mihogo.